Gurami wa lulu Uyole: shajara ya tangi moja, Machi hadi Oktoba

Machi 8

Nilikwenda Kariakoo kufuata kompresa mbili na mtungi wa gesi, nikarudi Mbeya na samaki kichwani. Mvua ilinikuta njiani, nikajibanza kwenye duka la samaki wa mapambo ipite. Mle ndani palikuwa na tangi refu lenye samaki bapa wa rangi ya shaba, mwili mzima una vidoa vyeupe kama amemwagiwa sago, na mstari mweusi umempita kutoka mdomoni hadi mkiani. Chini ya kifua ananing'iniza nyuzi mbili ndefu, anapapasa nazo kila kitu. Muuzaji akasema huyo ni gurami wa lulu. Mvua iliisha, mimi bado nimesimama.

Kwa kazi mimi ni fundi friji. Riziki yangu ni kutoa joto pale lisipotakiwa. Sasa nataka kulifunga joto ndani ya maji lita mia na kitu, huku Uyole, Mbeya, ambako Julai tunalala na mablanketi mawili na bado mtu anaamka kutafuta soksi. Mama watoto alisikiliza mpango wote, akauliza swali moja tu: "Analiwa?" Haliwi. Akarudi jikoni.

Binti yangu wa darasa la tano ndiye amekubali kuwa msaidizi, na ndiye mwenye daftari hili. Mimi nasema, yeye anaandika, jioni napitia.

Machi 11

Nimesoma kila nilichopata. Jina lake la kitaalamu ni *Trichopodus leerii*. Aliyemwandika kwanza ni Pieter Bleeker, daktari wa jeshi la Uholanzi aliyekuwa Batavia, mwaka 1852. Kwao ni Sumatra, Borneo na rasi ya Malaya, kwenye vinamasi vya misitu ya bondeni, maji yametulia na yamekuwa ya kahawia kama chai kwa sababu ya majani yaliyooza. Anafika sentimita 12. Joto analolipenda ni nyuzi 24 hadi 28.

Kilichonivuta zaidi ni pumzi yake. Ana matamvua kama samaki wengine, lakini juu ya matamvua ana chumba chenye vikunjo vingi vya ngozi laini yenye damu. Anapanda juu, anabugia hewa, anashuka nayo, vikunjo vinaifyonza. Kwa anayemjua kambale hilo si ajabu. Kambale naye ana kiungo chake cha kuvutia hewa, ndiyo maana unamkuta hai kwenye tope bwawa likikauka. Tofauti ni kwamba gurami anaihitaji hewa hiyo hata kama maji ni mazuri. Ukimzuia kufika juu, anaweza kufa maji, samaki mzima.

Nikaona hapo kuna faida. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku Uyole tuko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata oksijeni inayoyeyuka kwenye maji ni pungufu kuliko Dar, kama moja ya tano hivi. Samaki anayejivutia hewa mwenyewe hatajali. Hivyo ndivyo nilivyofikiri Machi. Hewa niliihesabu kwa wingi wake tu.

Machi 16

Vioo vimekatwa Mwanjelwa. Urefu 90, upana 40, kimo 40, unene milimita 6. Fundi vioo alitaka kuniuzia silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu. Hiyo inaua samaki. Nimechukua ya kioo tupu, isiyo na rangi, yenye harufu kali ya siki.

Tumeunganisha barazani. Msaidizi alishika kona mbili, akapata silikoni kwenye nywele.

Machi 24

Siku saba za kukauka zimekwisha. Tumejaza maji uani, juu ya gunia. Kona ya nyuma inalia, tone moja kila dakika. Nimemwaga, nimekwangua, nimepaka upya. Wiki nyingine imekwenda.

Aprili 1

Tangi limeingia sebuleni, juu ya meza ya vyuma vya pembe niliyochomelea mwenyewe. Maji yakifika sentimita 35 ni lita 126, maana yake kilo 126 kabla ya kioo na changarawe. Usimwamini mtu anayeweka tangi kama hili juu ya kabati la televisheni.

Maji ya bomba nayalaza kwenye pipa wazi siku nzima ili klorini itoke. Chujio ni la sponji, linaendeshwa na pampu ndogo ya hewa ya wati 5. Gurami hapendi mkondo mkali. Juu nimeweka majani yanayoelea niliyopewa na jamaa mwenye bwawa la perege, baada ya kuyalaza ndoo nyingine siku tatu na kuokota konokono. Hita ni ya wati 100. Dar waliniambia inatosha kabisa kwa lita hizo.

Samaki hakuna bado. Nadondosha chakula kidogo kila siku kioze, kitoe amonia, bakteria wapate cha kula. Kundi moja la bakteria linageuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili linageuza nitriti kuwa naitreti, ambayo haina ukali huo na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Wageni wanaona mtu mzima analisha tangi tupu.

Aprili 19

Amonia imeshuka. Nitriti iko juu, rangi ya kipimo imekuwa zambarau ya sherehe.

Mei 2

Amonia sifuri, nitriti sifuri, siku tatu mfululizo. Nimepiga simu Dar.

Mei 4

Samaki sita wamekuja na basi. Ni zaidi ya kilomita 800 na mlima Kitonga katikati, nao wamelala kwenye mifuko ya plastiki, theluthi moja maji, iliyobaki hewa, ndani ya boksi la foamu nyeupe. Konda alinikabidhi usiku kama mtu anayekabidhi keki. Boksi lilikuwa limekaa kwenye buti, na mtu alikuwa amefungua mfuniko "aone nini kinacheza". Maji ya mifuko yalikuwa nyuzi 18.

Sikuwamwaga moja kwa moja. Nimeacha mifuko ielee kwenye tangi, taa imezimwa, kila dakika kumi naongeza kikombe cha maji ya tangi, hadi saa nzima. Wote wameogelea chini ya majani na kubaki huko.

Mei 5

Mmoja amekufa. Msaidizi amemzika chini ya mparachichi na hakutaka kuandika leo. Naandika mimi.

Mei 21

Wamebaki watano na wamezoea. Wanakula punje, lakini furaha yao ni viluwiluwi vya mbu. Nilitega ndoo ya maji na nyasi nyuma ya nyumba, wiki moja ikajaa viluwiluwi. Mama mkwe alikuja kututembelea, akaiona, akauliza kwa upole kama siku hizi tunafuga mbu pia. Sasa ndoo inafunikwa kwa chandarua na inachotwa kila siku mbili, bila kukosa.

Nimekaa jana usiku nikihesabu. Kila samaki anapanda kuvuta hewa mara moja kila dakika chache. Anapanda haraka, mdomo unagusa juu, kinatoka kipovu kimoja, ameshuka. Katika kazi zote nilizofanya na saa mkononi, hii ndiyo ya kupumzisha kuliko zote.

Juni 6

Baridi imeingia. Samaki wamejibana kona ya hita. Mmoja hajala tangu juzi, mapezi ameyafunga mwilini, na anapanda juu mara nyingi mno.

Juni 7

Amekufa alfajiri. Maji nimepima: amonia sifuri, nitriti sifuri. Maji hayana kosa.

Nikafanya ninachofanya kwenye friji isiyoeleweka: kuacha kubahatisha na kuweka sensa za kupima joto. Nina themostati za dijitali, zile zinazofungwa kwenye mashine za kutotolesha vifaranga vya kuku. Nimefunga sensa tatu: moja kwenye maji, moja hewani kidole kimoja juu ya maji, moja ukutani sebuleni.

Juni 8, saa 11 alfajiri

Sebule nyuzi 12. Maji 23.5, na hita imewaka usiku kucha bila kupumzika. Hewa juu ya maji nyuzi 14.

Nimezisoma namba hizo nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba yangu. Hawa wanatoka kwenye kinamasi cha nchi ya joto, ambako hewa juu ya maji ni vuguvugu na ina unyevu mchana na usiku. Mimi nimewapa maji ya kwao na hewa ya Uyole. Kila dakika chache wanashuka na funda la hewa ya nyuzi 14 ndani ya kichwa, likigusana na ile ngozi laini yenye damu. Miezi mitatu nimehangaika na maji, na nusu ya pumzi ya samaki huyu haimo majini.

Kuna la pili, na hili ni aibu ya fundi. Friji nzima ni ufundi wa kimiminika kugeuka mvuke: kikigeuka, kinaondoka na joto. Tangi langu liko wazi juu, sentimita 90 kwa 40, kwenye hewa kavu ya Juni. Nimetengeneza friji sebuleni, nikaweka hita ndani yake, nikashangaa hita inashindwa. Kila jioni nilikuwa naongeza lita moja ya maji "yaliyopungua". Yalikuwa yanakwenda wapi, fundi?

Juni 14

Mfuniko umekamilika: kioo cha milimita 4, vipande viwili vinavyokaa juu ya vipande vya kioo vilivyogandishwa ndani, kona moja imekatwa kwa nyaya na kulishia. Kati ya maji na mfuniko zimebaki sentimita 5 za hewa. Zisipungue hizo, samaki akikosa nafasi ya kuvuta, mfuniko umegeuka jeneza.

Pande tatu na chini nimefunga foamu iliyotoka kwenye friji mpya za wateja. Kioo cha mbele tu ndicho kiko wazi. Hita sasa ni ya wati 200, inawashwa na kuzimwa na themostati yangu, siyo ile iliyomo ndani yake ambayo ilikuwa inasema 26 wakati maji yako 23.

Pampu ya hewa nayo ilikuwa inavuta hewa ya baridi ya sakafuni na kuipuliza majini. Nimeipandisha juu ya rafu, karibu na tangi, ndani ya boksi la foamu lililotobolewa.

Juni 15, saa 11 alfajiri

Sebule 12. Maji 26. Hewa chini ya mfuniko 22.5. Hita inapumzika zaidi ya nusu ya muda. Umeme unaoliwa umeshuka kutoka uniti mbili na nusu kwa siku hadi moja na nusu, na nilikuwa nimenunua hita kubwa zaidi. Mama watoto ameisoma hesabu hiyo mara mbili. Nadhani ndiyo siku ya kwanza amewatazama samaki kwa dakika nzima.

Juni 29

Mteja wa Kyela amekuja kuchukua friza yake, akaingia ndani kusalimia, akasimama mbele ya tangi.

"Fundi, umekwenda kutafuta samaki Asia, na sisi Nyasa imejaa samaki wazungu wanawapigania?"

Ni kweli, na swali lake ni la haki. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wa buluu na wa njano, wako kwenye matangi ya watu Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na kutoka hapa hadi Matema ni safari ya asubuhi. Nikamwambia mbuna anataka maji magumu yenye chokaa, mawe tupu, na kundi kubwa ili ugomvi ugawanyike. Ukiweka wanne, kesho una mmoja. Huyu wangu anataka maji laini, majani na utulivu. Akasema, "Sawa, lakini mbuna mama anabeba watoto mdomoni. Huyu anafanya nini?" Nikamjibu kwa gurami baba ndiye mlezi, anajenga kiota cha povu. Akacheka sana. "Povu, fundi? Kama la omo?"

Nimemwahidi kumpigia simu siku nikiliona. Aliomba pia nikizidiwa na samaki nikawamwage ziwani kwao. Hapo nilikataa, tena kwa sauti. Ndugu wa huyu, gurami wa buluu, amekwishaota mizizi kwenye mito ya nchi zisizo zake. Samaki wa tangini hamwagwi mtoni wala ziwani, hata akiwa mmoja.

Julai 11

Umeme umekatika saa 1 jioni.

Saa 1: maji 26. Saa 4: 24.9. Saa 7 usiku: 23.7. Ni kama nyuzi 0.4 kwa saa. Bila foamu na mfuniko nakadiria ingekuwa karibu mara mbili.

Pampu imehamia kwenye inverta na betri ya gari ya N70, wati 5 haziisumbui. Hita sikuiunganisha. Wati 200 zingeimaliza betri ndani ya saa chache, halafu bakteria wa chujio wangekosa hewa alfajiri. Nimewasha jiko la mkaa, nje barazani, siyo ndani, nikachemsha maji. Kwetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, kwa sababu ya mwinuko. Kwa kazi hii haidhuru. Nimeteka ndoo nusu kutoka tangini, nikazamisha kidumu cha lita 5 cha maji ya moto, kimefungwa vizuri. Ndani ya saa moja maji yamefika 25.4. Nimesukuma mfuniko kidogo tu kuingiza kidumu, kisha nikautandikia blanketi juu, nikiacha kona ya nyaya.

Umeme umerudi saa 11. Maji 24.3. Wote wanne wazima.

Blanketi lilikuwa la kwangu.

Julai 19

Nimepasua hita. Nilishusha maji kusafisha changarawe, nikasahau kuizima, ikabaki hewani ikiwaka, na nilipomwaga maji mapya kioo chake kikalia *ta!* Swichi ya ulinzi ikakata umeme wa nyumba nzima. Mimi, ninayewakaripia vijana karakanani kila siku wachomoe kwanza, ndipo washike. Msaidizi ameandika tukio hili kwa herufi kubwa, nimemwacha.

Sheria mpya imebandikwa ukutani kwa mwandiko wake: CHOMOA. SUBIRI DAKIKA KUMI NA TANO. NDIPO MAJI.

Agosti 2

Sasa jinsia inaonekana wazi. Mmoja pezi la mgongoni limekuwa refu na limechongoka, na koo hadi kifua vimekuwa vyekundu kama embe bivu. Watatu wana pezi fupi la mviringo na matumbo yaliyojaa. Dume mmoja, majike watatu. Wale wawili waliokufa hatutajua.

Nimeandaa tangi la pili, 60 kwa 30 kwa 30, maji sentimita 15 tu, majani mengi juu, sponji inayopumua polepole. Mfuniko ulikatwa kabla ya tangi lenyewe.

Agosti 7

Dume na jike mmoja wamehamia. Maji nimepandisha polepole hadi 28. Dume amegeuka jinsi nisivyomjua: anafyonza hewa, anatema vipovu vyenye ute, anavipanga chini ya jani, anarudi. Anachukua na vipande vya majani anachomeka, kama anatia nondo. Jioni kiota kimekuwa na upana wa kiganja. Nimepiga simu Kyela.

Agosti 9

Asubuhi hii, sherehe za Nane Nane zimekwisha jana na mtaa bado umelala. Jike amekuja chini ya kiota, akamgusa dume ubavuni kwa mdomo. Dume akajikunja kumzunguka, akamgeuza tumbo juu, wakatetemeka, wakaachana wakizama taratibu kama majani. Mayai yakapanda yenyewe, maana ni mepesi kuliko maji, yana mafuta. Yaliyokwenda kombo dume aliyaokota kwa mdomo na kuyatemea kiotani. Wamerudia zaidi ya mara kumi na tano. Baada ya hapo msaidizi alitakiwa kuvaa sare.

Mchana nimemtoa jike. Baba alikwisha kuanza kumfukuza.

Agosti 11

Yameanguliwa. Ukimulika tochi kwa ubavu unaona mikia midogo inaning'inia kwenye povu, mamia. Mmoja akidondoka, baba anamfuata na kumrudisha juu. Ana siku mbili hajala.

Agosti 13

Wameanza kuogelea wenyewe, kwa hiyo baba ametolewa kabla hajaona chakula. Vifaranga hawa ni wadogo kuliko koma ya daftari hili. Punje hawawezi. Wiki iliyopita nililoweka maganda ya ndizi na majani ya kabichi kwenye chupa dirishani. Maji yalichafuka, yakanuka, kisha yakatakata na kuwa na vijidudu ambavyo kwa jicho ni vumbi linalotembea. Nawapa vijiko kadhaa mara nne kwa siku. Kiini cha yai la kuchemsha nakikamulia kwenye kipande cha kanga, tone tu. Kiini kikizidi, maji yanaoza kabla ya jioni.

Agosti 20

Kiini kilizidi. Tumepoteza wengi, sijui wangapi. Nimebadilisha maji kwa mpira mwembamba wa dripu, tone kwa tone, yakiwa na joto lilelile.

Agosti 30

Wiki ya tatu. Sasa wanakula viroboto wa maji wadogo ninaochuja kutoka bwawa la perege.

Leo nimekaa na tochi na nimeona nilichokuwa nakisubiri: kifaranga mmoja, mrefu kama punje ya mchele, amepanda, amegusa juu, ameshuka na kipovu. Chumba chake cha hewa kimeanza kazi. Wengine wanajaribu na kurudi kabla ya kufika.

Septemba 3

Vifo. Kumi na wawili jana, ishirini leo. Maji safi, joto 27.

Nimejua sababu saa 12 asubuhi, mkono wangu ukiwa juu ya mfuniko. Kila siku saa hiyohiyo naufungua mzima kulisha, na mama watoto saa hiyohiyo anafungua dirisha moshi wa vitumbua utoke. Sensa ya hewa ilishuka kutoka 24 hadi 15 ndani ya dakika mbili. Somo la Juni nililiandika kwa kalamu, nikaliona, nikalibandika hadi kwenye hita, halafu nikalifungulia dirisha.

Tangu leo wanalishwa kupitia tundu la kona kwa bomba la sindano, na mfuniko haufunguki hadi saa 4, jua likiwa limeingia sebuleni. Dirisha sikuliomba lifungwe. Vitumbua ndivyo vinavyolipia umeme wa samaki, nimekumbushwa.

Septemba 6

Wawili.

Septemba 8

Hakuna.

Septemba 27

Tumewahesabu kwa kikombe, mmoja mmoja: 41. Kati ya labda mia tatu. Wakubwa wamefika sentimita moja na nusu, na mstari mweusi wa ubavuni umeanza kuonekana. Lulu bado. Mteja wa Kyela amekuja kuangalia, safari hii na mke wake na kaka yake, na kaka amesema povu lile aliloonyeshwa kwenye simu ni dogo kuliko alivyosimuliwa.

Oktoba 11

Maji 26, hewa chini ya mfuniko 24, sebule 19. Joto la Oktoba limeanza na hita haiwaki mchana kabisa. Tangi dogo nabadilisha lita tano kila siku mbili.

Jirani ameomba vifaranga sita. Ana tangi la kununua, zuri, lina taa, halina mfuniko. Amesema atafunika kwa kitambaa baridi ikija. Nimechukua futi nikaenda kwake: 58 kwa 28 ndani. Kesho nakata kioo. Samaki atawachukua kikishakaa mahali pake, na msaidizi amempa karatasi asaini.